Akiba ya Matibabu Haina Zamu

Vijana wangu wa kaunta, keki mliyoninunulia siku ya kuniaga ilikuwa tamu, na nimewasamehe kwa kuandika jina langu vibaya juu yake. Kilichonishinda ni kile mlichoniomba baadaye, kwamba niwaandikie "busara" za miaka yangu kazini. Busara sina. Nina miguu iliyovimba, sauti iliyokwaruzwa na simu, na hasira nilizozibeba tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, karibu zote zikihusu kitu kimoja: akaunti ya akiba ya matibabu, na jinsi familia zenye akili timamu zinavyoshindwa kuitumia. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini mtaulizana wenyewe. Mimi nitawaambia habari za kazi.

Nilikuja Johannesburg kumfuata mume wangu, aliyekuwa amepata nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Nakuru nilikuwa karani wa bima, kwa hiyo nilidhani naijua bima. Siku ya kwanza nilipewa vipokea sauti vya kichwani vilivyonuka mafuta ya nywele ya mtu mwingine, na kijitabu kinene cha mipango yetu. Msimamizi akaniambia nisome, kesho nitapokea simu. Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Nilielewa majina ya mipango, ambayo yote yalikuwa majina ya vito na milima, na kingine sikuelewa.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa kitongoji cha Alexandra. Jino lake lilikuwa limeshang'olewa, na daktari wa meno alikuwa amesimama mlangoni akingoja kujua nani analipa. Nikamsomea kijitabu. Nilimsomea kwa heshima zote, ukurasa baada ya ukurasa. Alinisikiliza kwa subira ambayo mpaka leo namshukuru kwayo, kisha akasema, "Sista, umemaliza? Haya. Sasa jino?"

Aliyeketi meza ya jirani aliinuka, akanivua vile vipokea sauti kichwani kama mtu anayemvua mtoto kofia, akavivaa yeye. Huyo alikuwa Sis' Nomvula, mzaliwa wa Alexandra hiyohiyo, mwanamke mkubwa aliyekuwa na ndara chini ya meza na machenza juu yake majira yote ya baridi, mpaka safu yetu nzima ikanukia maganda. Hakufungua kijitabu. Alimwuliza yule mama swali moja, nani anaumwa na anaumwa nini, akabonyeza vitu viwili vitatu, na mambo yakaisha. Kisha akanigeukia.

"Usimweleze mtu mpango kabla hujajua nani anaumwa," aliniambia. "Ukianza na mpango, utakuwa unajisomea mwenyewe."

Hilo ndilo fundisho kubwa nililopata katika kazi hii, na nililipata kabla ya chai ya saa nne. Mengine yote niliyofundishwa kwenye semina za hoteli, zenye kalamu za bure na biskuti, nimeyasahau.

Sasa niwaeleze akaunti yenyewe, kwa sababu nimewasikia wenyewe mkiieleza na nikauma ulimi. Sehemu ya mchango wa kila mwezi inawekwa kando kwa ajili ya mwanachama. Mwaka ukianza, kabla hata hajachanga vya kutosha, anafunguliwa kiasi cha mwaka mzima, akitumie kwa daktari wa mtaani, dawa, meno, miwani, vipimo vya damu. Asipokimaliza, kinachobaki kinavuka naye mwaka mpya. Akihama bima, kinamfuata au analipwa. Akifa, ni cha warithi wake. Mume, mke na watoto walioandikishwa wote wanachota hapohapo. Kulazwa hospitalini ni jambo jingine kabisa. Hilo linalipwa na mfuko wa wanachama wote, na akiba ya familia inabaki ilivyo. Hata sukari, shinikizo la damu na pumu, mgonjwa akijiandikisha inavyotakiwa, dawa zake hutoka kwenye huo mfuko wa wote. Ni hayo tu. Kijitabu chetu kinayasema hayohayo kwa kurasa ambazo sijawahi kuzimaliza bila kusinzia.

Kitu rahisi hivyo, na watu walikiharibu kila upande. Kuna waliokimaliza mwezi wa kwanza. Januari ilikuwa msimu wa miwani ya fremu za dhahabu, vitamini za kuotesha nywele, na krimu za duka la dawa ambazo ungefikiri zinafufua wafu. Baridi ikiingia na watoto wakianza kukohoa, ndipo simu zinaanza. "Sista, akaunti yangu imeibiwa." Imeibiwa na nani, mama? Imo usoni pako, nakusikia unaisogeza puani.

Wakenya wenzangu, ambao wengi hapa ni watu wa benki na vyuo, wana ugonjwa tofauti. Wao hawaigusi. Jumapili baada ya ibada mtu angenivuta pembeni, kikombe cha chai mkononi, aniambie kwa sauti ya chini kwamba akiba yake ya matibabu haijaguswa miaka na miaka, kama anayenionyesha picha ya ploti yake Kitengela. Mhasibu mmoja alitaka kujua inazaa faida gani. Nilimwuliza mara ya mwisho alipima presha lini. Akacheka, akasema yeye si mtu wa kuumwaumwa. Aki ya Mungu, nilitamani kummwagia ile chai.

Na kuna waliotenda kila kitu sawasawa na bado wakaumizwa, kwa sababu ya makarani wa kliniki. Kila ugonjwa una alama yake ya herufi na tarakimu. Karani akiikosea, malipo ambayo yangetoka kwenye mfuko wa wote yanachotwa kwenye akiba ya familia, na familia haijui. Mkiona dawa ya pumu imelipwa kutoka kwenye akiba, msimwambie mteja "ndivyo mfumo unavyosema". Pigieni kliniki simu. Pigeni asubuhi, kabla hawajaenda kula, na mzungumze kwa upole hata kama moyoni mnatukana. Alama ikirekebishwa, pesa inarudi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyopika ugali.

Baadaye wakubwa waligundua kwamba najua Kiswahili, wakanitoa kwenye simu na kuniweka kaunta. Habari zikafika mitaa ya Troyeville, Bertrams na Turffontein kabla sijapata hata kiti kizuri. Wakongo, Warundi, Watanzania, wote wakawa wanaziruka kaunta zilizo wazi na kuja kupanga foleni kwangu. Kiswahili changu cha Nakuru na kile cha Bukavu vilichukua muda kuzoeana, lakini vilizoeana.

Ndipo akaja Papa Héritier.

Alikuwa mkuu wa walinzi kwenye jengo moja la maduka huko Sandton, mtu wa Bukavu, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Waliishi Troyeville yeye, mkewe aliyekuwa msusi, na watoto watatu. Kifungua mimba ndiye Héritier, ambaye wazazi wote wawili waliitwa kwa jina lake, kisha Christian, kisha msichana, Neema, wa miaka tisa. Kanisani kwao Papa Héritier ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa likelemba. Likelemba ni upatu: kila mtu anachanga, na mwezi huu anachukua huyu, mwezi ujao yule, kwa zamu, ambayo wao huiita tour. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililijua na bado sikuona kinachokuja.

"Bonjour, Madame Agnès. Niko na plainte, minakuja kushitaki."

"Karibu, Papa Héritier. Nani anaumwa?"

"Hakuna mutu mugonjwa. Kuko mutu amekula tour ya mwenzake."

Nilidhani ni wizi wa kadi. Akaweka simu yake mbele yangu, na humo mlikuwa na ujumbe tunaotuma malipo yakifanyika. Daktari wa mtaani, matone ya sikio, mgonjwa Neema.

"Huyu si binti yako?"

"Njo yeye. Lakini hii mwaka haiko tour yake."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni. Mwaka wa kwanza wa bima akiba ilikuwa yake yeye, akatengeneza meno. Mwaka uliopita ilikuwa ya mkewe. Mwaka huu ni ya Héritier, anahitaji miwani. Mwakani ni Christian. Neema anafuata baada ya Christian. "Njo vile tulipanga, na maombi tulifanya," alisema. "Sasa bibi yangu amemupeleka mutoto kwa daktari bila kuniuliza."

"Na sikio lenyewe linasemaje?"

"Linatoka maji kidogo. Ni mambo ya batoto, itapita."

Alitaka mambo mawili. Tuirudishe ile pesa, na tufunge akaunti ili Héritier peke yake aweze kuitumia mpaka mwaka uishe. Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, tena kwa mifano. Nikamwambia akiba hii ni pochi ya nyumbani, mwenye haja anatoa, na kwamba hakuna mahali popote tulipoandika habari za zamu. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea kuongoza mikutano, akaitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili.

"Minaelewa, Madame," alisema nilipomaliza. "Sasa mutafunga lini?"

Nilimwambia haifungwi. Akaondoka bila kuaga vizuri. Sis' Nomvula, ambaye naye alikuwa amehamishiwa kaunta ya jirani kwa sababu ya koo lake, aliniuliza yule mtu alitaka nini. Nilipomwambia aliliweka chini chenza lake.

"Hawu! Wamepangiana zamu ya kuumwa?"

Kesho yake mchana akaja Mama Héritier, vidole vikinukia mafuta ya kusukia, na Neema amemshika mkono. Alikuwa ameambiwa nyumbani kwamba Madame wa bima amefunga akaunti, na alitaka kulisikia kwa mdomo wangu. Nikamhakikishia kwamba haijafungwa na haitafungwa. Akaketi na kushusha pumzi. Wakati anaongea nilimtazama yule mtoto. Alikuwa amegeuza kichwa upande, kama kuku anayesikiliza kitu. Sis' Nomvula alimsalimia kwa Kizulu kutoka upande wa kushoto, mara ya kwanza na ya pili, na mtoto hakujibu mpaka alipoguswa bega. Ndipo akajibu, kwa Kizulu safi, na tabasamu.

Sikio lilikuwa linatoka usaha tangu mwaka uliopita. Mama yake alishamfikisha kwenye zahanati ya serikali, wakaulizwa karatasi zao kabla ya kuulizwa habari za sikio, na foleni ikaishia hapo. Ndipo akaamua kutumia bima bila kumwambia mumewe. Daktari wa mtaani aliponusa lile sikio alimwambia mtoto anahitaji kuonwa na bingwa wa masikio haraka, kwamba kuna kitu kinaota nyuma ya ngoma ya sikio. Mumewe akasema watangoja zamu.

"Madame, miye sina sauti ku ile mambo," alisema. "Wewe njo ukamwambie."

Nikampigia simu. Nilikuwa nimeshika kalamu kwa nguvu mpaka ikapasuka, wino ukanipaka mkono, lakini nilimkumbuka Sis' Nomvula na sikuanza na mpango.

"Papa Héritier, kwenye likelemba yenu, mtu akifiwa na zamu yake bado haijafika, mnafanyaje?"

"Aah, kufiwa? Tunamupatia mbele."

"Akiugua sana?"

"Kuugua tunaita comité. Comité inaamua."

"Basi iite comité ya nyumbani kwako. Neema anaumwa sana."

Nilisikia geti la maduka likifunguka na kufungwa nyuma yake.

"Comité inakutana Samedi," alisema.

Ilikuwa Jumanne. Nilimwambia sikio la mtoto halijui Jumamosi. Nilimwambia mengine pia ambayo sitayaandika. Hakunijibu kwa hasira, na hilo lilinikera zaidi. Alinieleza kwamba alipofika nchi hii mara ya kwanza alichanga kwenye likelemba moja mwaka karibu mzima, ilipokaribia zamu yake mwenyekiti akampitisha mbele shemeji yake, wiki iliyofuata mwingine akaja na msiba wake, na mwingine na kodi yake, mpaka siku moja hakukuwa na likelemba wala mwenyekiti. "Tour ikivunjika mara moja, Madame, kila mutu anakuja na yake. Mi nikivunja kwangu, ku kanisa batanisikia namna gani?"

Nilimwelewa. Nawaambia ukweli, nilimwelewa vizuri kabisa, na bado nilitaka kupita ndani ya ile simu nimkamate kola.

Jumamosi tunafungua nusu siku. Walikuja wote watano, wamevaa kama wanaenda harusini, wakaja moja kwa moja kwangu. Papa Héritier aliomba viti. Kisha akafungua mkutano, palepale kaunta, foleni ikiwa nyuma yao hadi mlangoni. Alisali kwa sauti. Mlinzi wetu alivua kofia. Alimteua Héritier kuwa katibu, akataja ajenda, ambayo ilikuwa moja, akatoa nafasi ya maoni.

Héritier, kijana mrefu aliyekuwa anakunja macho kusoma hata jina langu kwenye kifua, alionekana anatamani sakafu immeze. "Eish, Papa. Achukue tu. Sharp."

"Semaka muzuri. Hii ni réunion."

"Ninamwachia Neema tour yangu."

Mama yao akaanza kulia. Neema alikuwa anatazama midomo ya kila mtu kwa zamu, akijaribu kujua wanasema nini juu yake. Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha. Niliwaambia hakuna anayehitaji kumwachia mwenzake chochote, kwamba iliyomo inatosha bingwa wa masikio na miwani ya Héritier pia, na kwamba ikibidi mtoto alazwe, hospitali italipwa na mfuko mwingine ambao hauna uhusiano wowote na hii comité yao.

Papa Héritier alifikiri. "Sasa tour iko na kazi gani?"

"Haina kazi!" Nilipiga meza. "Haina kazi yoyote!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mtu mmoja kwenye foleni, ambaye hakuelewa neno hata moja, alipiga makofi.

Jumatatu asubuhi niliipigia kliniki ya bingwa mwenyewe na sikukata simu mpaka waliponipa nafasi wiki hiyohiyo. Kilichokuwa kimeota nyuma ya ngoma kilikuwa kimeshaanza kula mfupa. Walimlaza na kumpasua. Hospitali, daktari wa upasuaji, wa usingizi, dawa, vyote vilitoka kwenye mfuko wa wote, na akiba ya familia ile haikupungua hata kidogo kwa ajili ya kulazwa. Héritier alipata miwani. Usaha haukufika kwenye ubongo, na bingwa alisema hilo peke yake ni jambo la kushukuru. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, halingesikia tena. Kama angeletwa mwaka uliopita, alimwambia Mama Héritier, labda matone na usafishaji vingetosha. Ziara moja au mbili za daktari, kitu ambacho akiba ile iliwekwa kwa ajili yake hasa.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Nilimkasirikia yeye na heshima yake na suruali yake ya pasi. Kisha nikaikasirikia ofisi yetu, iliyowauzia watu hawa neno "akiba" na picha ya familia inayocheka ufukweni, bila mtu yeyote kuuliza neno lenyewe wanalielewaje huko Troyeville. Kwa mtu aliyevuka mipaka kwa miguu, akiba ni kitu cha kulindwa na kupokezana kwa nidhamu, tena ukikigusa nje ya zamu umewaibia wenzako. Alitutii sana. Alitii kitu ambacho hatukumwambia.

Tangu hapo niliongeza swali kwenye lile la Sis' Nomvula. Kila familia iliyokaa mbele yangu niliiuliza, "Nyumbani mnaitumiaje?" Mlinicheka, nakumbuka, mkasema Ma Agnes anapeleleza ndoa za watu. Lakini niliyoyasikia! Mrundi mmoja alikuwa anaitunza iwe ya mazishi. Mke wa daktari wa falsafa, Mkenya mwenzangu, alidhani anahitaji sahihi ya mumewe kwenda kupima matiti. Bibi mmoja wa Turffontein alimwachia mjukuu wake sehemu "yake" yote na kukaa na jino lililooza, na hakuna mtu aliyekuwa amemgawia sehemu yoyote. Ulizeni swali hilo. Liulizeni hata kama foleni imefika barabarani kwenye robot, zile taa za magari, na meneja anawatazama kwa kioo.

Sis' Nomvula alistaafu kabla yangu na anaendelea kula machenza. Papa Héritier naye magoti yalimshinda, akaacha kazi. Akiba iliyobaki alilipwa baada ya miezi michache, na nilisikia mkewe alinunua mashine mbili za kukausha nywele. Sikuwa nimemwona tena, wala sikuwa nimemtafuta.

Mwezi wangu wa mwisho kaunta alikuja msichana aliyevaa nguo za kazini, nadhifu, anatembea haraka, na nyuma yake mzee mwenye mvi anayeshikilia kila kiti anachopita. Sikuwatambua mpaka aliposema jina. Neema anafanya kazi maabara sasa. Alikuwa ameingia bima yetu kama mwanachama mkuu, na alitaka kumwandikisha baba yake chini yake, kwa kuwa ndiye anayemtunza.

"Ma Agnes, nataka Papa aingie kwangu," alisema, kwa Kiswahili kilichochanganyika na kila kitu. "Ana sukari, na hayo magoti."

Niliwaeleza habari za miezi ya kungoja kabla bima haijaanza kumlipia, na kwamba baada ya hapo dawa zake za sukari zitatoka kwenye mfuko wa wote, zisiguse akiba. Kisha nikauliza swali langu, kwa sababu nisingeweza kutouliza.

"Nyumbani mtaitumiaje?"

"Anayeumwa anaenda," alisema Neema, na akaendelea kusoma nilichomwonyesha kwenye skrini.

Mzee alikuwa amekaa kiti cha kushoto kwake. Nilingoja aseme kitu juu ya mpangilio, nilikuwa hata nimeshajiandaa. Nawaambia wazi, nilikuwa sijamsamehe. Alimgeukia binti yake, akasema, taratibu, "Aksanti, binti yangu."

Neema hakugeuka. Alikuwa anasoma.

Baba yake hakupaza sauti wala hakumgusa. Alishika ukingo wa meza yangu, akajiinua kwa yale magoti yake, hatua kwa hatua akazunguka nyuma ya viti vyote viwili mpaka upande wa kulia, akainama karibu, akalisema tena.

"Ni sawa, Papa," alisema Neema, macho bado kwenye skrini, na mkono wake ukamvutia kiti cha upande ule bila hata kutazama, kama mtu aliyezoea kila siku baba yake kuzunguka.

Niliwaambia mfumo umekwama, wanisubiri kidogo. Haukuwa umekwama.